Mshindwa Ndiye Atoaye Mji

Kundi la michezo ya simu huvunjwa na mambo mawili kabla ya mengine yote: matokeo yanayobishaniwa, na mzaha uliomchoma mtu. Admini wengi huyashika mbalimbali, hili kwa kanuni, lile kwa kuombana radhi. Sisi tunaosimamia makundi ya eFootball, ambao ni mchezo wa mpira, na ya PUBG Mobile na Free Fire, michezo ya kupigana mpaka kibaki kikosi kimoja, huku Lamu tumeyaona kuwa ni jambo moja. Mzaha ukipewa kazi ya kufanya hautoki nje kwenda kuumiza, na matokeo yakipita ndani ya mzaha huo hayapati wa kuyabishia.

Kazi yenyewe imeazimwa kwenye vitendawili. Kila aliyelelewa pwani anaijua. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia miibani." Ukishindwa kutegua, mtegaji anakudai mji. Unampa Mombasa, anasafiri, anakula, anapokewa na wenyeji, na mwisho wa safari yake hana budi akupe jibu: nanasi. Aliyeshindwa anatoa mji, aliyeshinda anatoa jibu. Kila mmoja ana deni kwa mwenziwe.

Basi mechi ikiisha, anayeandika kundini ni aliyeshindwa. Mshindi anangoja. Mshindwa ana dakika 10, na ujumbe wake una vitu vinne: shindano na kundi, majina ya wachezaji wawili, magoli, na mji. Baada ya hapo mshindi naye ana dakika 10 za kujibu kwa safari fupi ya mistari miwili mitatu, na ndani ya safari hiyo aseme sababu moja ya kweli iliyompa ushindi. Inasomeka hivi:

"Kombe la Kusi, Kundi B. Mimi 1, Nahodha 3. Nakupa Muscat."

"Nimefika Muscat, nimepewa kahawa na halua, nimekaa hadi baridi ya eisi imenichosha. Wenyeji wameniambia nikwambie hivi: beki wako wa kulia anapanda na harudi, mabao mawili nimepitia hapo hapo."

Tazama kilichofanyika ndani ya jumbe mbili. Matokeo yamethibitishwa na mtu asiye na sababu ya kuyaongopea, maana hakuna anayejizulia kipigo. Aliyeshindwa amesema kwanza, kwa maneno yake, kabla mtu hajamcheka. Na ameondoka na kitu cha kurekebisha wiki ijayo. Kundi linalofanya hivi msimu mzima huinuka kiwango, kwa sababu kila mechi inaacha somo moja lililoandikwa mahali wote wanaposoma.

Kanuni ikiwa legelege, huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni mshindwa anayenyamaza. Dakika 10 zikipita, admini anamkumbusha mara moja, kwa upole. Zikifika 30, mshindi anatuma picha ya skrini, matokeo yanaandikwa, na yule mwingine anaandikiwa deni la mji. Mwenye madeni ya miji mitatu hapangiwi mechi mpya mpaka alipe yote, na hulipa kwa furaha kuliko faini yoyote ya pointi.

Picha hiyo ina mambo yake. Wachezaji wote wawili waipige kila mechi, lakini waihifadhi tu. Ionyeshe magoli na majina yote mawili. Ikihitajika kama ushahidi, itumwe kama dokumenti, isitumwe kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp ikituma picha huibana na kufuta maelezo ya saa na siku iliyopigwa. Ikija kama dokumenti, faili inabaki ilivyo na admini anaweza kufungua maelezo yake. Picha za zamani zinazoletwa kama za leo, tena zimekatwa vizuri pembeni, hukamatwa hapo.

Ya pili ni mshindi anayegeuza jibu kuwa kashfa. "Nimekushinda kwa sababu hujui mpira" si jibu la kitendawili. Hapa admini awe mkali: pointi za mshindi haziingii jedwalini mpaka jibu liwe jibu. Huhitaji kugombana naye. Unamwandikia tu, "Safari imepotea njia, rudi utuletee jibu," na unangoja. Wengi huandika upya ndani ya dakika chache.

Ya tatu ni uvivu, kila mtu anatoa Nairobi. Dawa yake ni kwamba mchezaji hatoi mji mmoja mara mbili katika msimu. Ifikapo mechi ya nane watu wamemaliza miji mikubwa, wanaanza kutoa vijiji vya visiwa vyetu, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, na safari zinanoga kwa sababu wapo wenyeji wa huko wanaosahihisha: Kiwayu huendi kwa pikipiki. Weka laha moja ya mtandaoni yenye safu tano, tarehe, mshindwa, mshindi, magoli, mji. Hiyo hiyo ndiyo kumbukumbu ya ligi na ndiyo orodha ya miji, hutunzi vitabu viwili.

Na iko miji isiyotolewa kabisa. Mahali palipo na vita au maafa hapatumiki kuchekeana. Mpeketoni, mji wa Lamu bara, ilishambuliwa Juni 2014, na kundi lolote la Lamu lina mtu aliyeguswa na usiku ule au anayemjua aliyeguswa. Mtu wa Mpeketoni mwenyewe akiutoa mji wake kwa mapenzi, sawa. Mwingine akiutaja kwa kejeli, ujumbe unafutwa papo hapo na anaelezwa faraghani kwa nini. Orodha ya miji hii haihitaji kuwa ndefu; admini mwenye moyo anaijua.

Kwenye PUBG Mobile na Free Fire mambo ni tofauti kidogo, kwani chumba kimoja cha PUBG kinaingiza hadi watu 100 na hakuna mshindwa mmoja. Hapo tunakipa kazi kikosi kilichotolewa mchezoni cha kwanza: wanne wale wanampa mji mmoja kikosi bingwa, na bingwa anaeleza walitua wapi na kwa nini duara la mwisho, lile eneo salama linalozidi kufinywa, liliwafaa. Mengine ni pointi za nafasi na za kuua, ambazo kila shindano lina jedwali lake. Muhimu ni litangazwe kabla ya mechi ya kwanza na lisiguswe mpaka mwisho.

Sasa utani wa admini mwenyewe. Huu ni mzito kuliko wa mwanachama, hata maneno yakiwa yale yale, kwa sababu anayetania ndiye anayeweza kukutoa. Mwanachama akimwambia mwenziwe "leo umecheza kama umelala" ni maneno ya barazani. Admini akisema vile vile, wapo watakaoona wameruhusiwa kumwandama yule mtu usiku kucha. Kwa hivyo tunamtania mshindi, hatumtanii aliyeshindwa. Tunamtania aliyezoeleka, hatumgusi mgeni kabla hajamaliza wiki mbili. Na uamuzi hautiwi mzaha ndani yake: ukimpa mtu adhabu, andika adhabu peke yake, sentensi kavu, kosa na muda. Ukitaka kurudisha kicheko, ngoja ujumbe mwingine, ikiwezekana siku nyingine.

Mahali pa matangazo pasichezewe hata siku moja, Aprili mosi ikiwemo. Ukitangaza kwa mzaha kwamba ligi imefutwa, wapo watakaofuta mchezo simuni kupata nafasi, na siku utakapotangaza jambo la kweli nusu ya watu watangoja kuulizana kama ni mzaha. Tangazo la uongo likishapita mara moja, chaneli ile haina kazi tena.

Lakabu nazo. Lamu mtu hupewa lakabu na mji mzima akasahau jina lake la kitabuni, kwa hivyo watu hawaoni taabu kuitwa. Lakini ya kundini iwe ya mchezo: Nahodha, Kipa wa Mwezi, Mzee wa Penalti. Isiwe ya umbo, ya rangi, ya kabila wala ya kazi ya baba yake. Mwenyewe aikubali kwa neno lake, na ikae wiki moja kisha ifutwe, isije ikamganda mtu asiyeipenda akawa ameona haya kusema.

Maandishi hayana uso. "Wewe mjinga wewe" ya mdomoni ina kicheko nyuma yake, ya kuandikwa haina. Kwa sababu hiyo tumeweka kwamba utani unaoweza kusomeka vibaya utumwe kwa sauti, usiozidi sekunde 20. Watu wakisikia sauti inacheka, hawapandi juu. Kanuni hii ndogo imepunguza ugomvi kuliko kanuni ndefu zote za adabu.

Wawili wakishakasirikiana kweli, baraza la ushairi linafaa zaidi ya hukumu. Kila mmoja ana ubeti mmoja tu, mistari minne, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, na muda ni mpaka kesho yake baada ya alasiri. Ukihesabu mizani huwezi kutukana kwa kasi. Anayejibu kabla ya ubeti wa mwenziwe kutoka, ubeti wake haufunguliwi. Ubeti wa kawaida wa kundini huwa hivi:

Jana ulitamba sana, kiwanjani wewe simba,
Leo hatukukuona, umejifungia nyumba,
Tatu bila ni bayana, nguzo zako zimeyumba,
Toa mji wa maana, Mokowe hatutaomba.

Hesabu mstari wa mwisho utaona "mji" ina mizani mbili, maana ile m inasimama peke yake. Wachezaji wa miaka 15 wanaobishana juu ya silabi ya m hawabishani tena juu ya ofusaidi. Na watu wa Mokowe, kule bara tunakovukia kwa boti, wakidai ubeti wao wa kujitetea, wapewe.

Kuhusu mahali pa kukaa. WhatsApp kila mtu anayo, na kundi moja linachukua watu 1,024, lakini ina kasoro mbili kubwa kwa kazi hii. Namba ya kila mwanachama iko wazi kwa wenziwe, jambo linalowakimbiza wasichana na linalowatia wazazi wasiwasi. Na huwezi kumnyamazisha mtu mmoja. Ama unamtoa, ama unafunga kundi lote waandike admini peke yao. Discord, programu ya mazungumzo inayopendwa na wachezaji, haionyeshi namba, na inakuruhusu kumnyamazisha mtu mmoja kuanzia dakika moja hadi siku 28. Tunatumia zote mbili: WhatsApp ya matangazo na ratiba, Discord ya kukaa na kucheza.

Chaneli za Discord tumezipanga kama nyumba ya Kiamu, na kila mwenyeji anaelewa bila kuelezwa. Daka ni pale mlangoni penye mabaraza, mgeni yeyote anakaa, anasoma kanuni, anasalimiwa. Tekani ndiyo ile kona ya ndani inayopinda ili mpita njia asichungulie; hapo mgeni anataja mchezo wake, mtaa wake na mtu anayemjua, na admini anampa wadhifa wa mwenyeji. Kiwanda ni uwanja wa mazungumzo yote. Misana ni ya mechi, msana mmoja kwa kila mchezo. Ndani ni kwa admini peke yao, na huko ndiko adhabu hujadiliwa kabla ya kutangazwa. Mgeni hakai tekani zaidi ya siku moja. Akicheleweshwa, haulizi, anaondoka. Zile programu za kujiendesha ambazo wengine huziita boti, ziite roboti, la sivyo kila tangazo la "boti imekwama" litawashtua wanaosubiri kuvuka Mokowe.

Kichujio cha maneno machafu kina mtego wake kwa Kiswahili, na admini anayenakili orodha ya Kiingereza hataujua mpaka umnase. Discord ina kichujio cha ndani tangu 2022. Ukiandika neno bila nyota, linakamatwa likiwa limesimama peke yake tu. Ukilizungushia nyota mbele na nyuma, linakamatwa popote lilipo ndani ya neno jingine. Kiswahili hubandika viambishi, kwa hivyo unashawishika kuweka nyota pande zote ili mtu asikupite kwa kuongeza kiambishi mbele au nyuma ya tusi. Hapo ndipo lile tusi la herufi nne linaloanza na ku linapokamata "kumaliza", "kumaanisha" na "kumaizi", na mtu aliyeandika "nataka kumaliza mechi" anafutiwa ujumbe mara tatu asijue kosa lake. Kwa mizizi mifupi weka neno bila nyota, na maumbo yenye viambishi yaandike moja moja. Kwa mizizi mirefu nyota haina madhara. Kisha jaza orodha ya maneno yaliyoruhusiwa, na uijaribu kwa kubandika mazungumzo ya siku nzima katika chaneli ya siri uone kinachofutwa. Kumbuka na lahaja: mtu wa Amu akiandika "ndoo" anakuita uje, hazungumzii ndoo ya maji, na "ndia" yake ni njia. Anayesoma ripoti awe anaijua Kiamu.

Hakuna kichujio kitakachotambua tusi la nguoni lililofichwa kwenye sifa ya mama wa mtu. Hilo ni la binadamu. Ngazi yetu ya adhabu ni fupi: onyo la faraghani, kunyamazishwa saa moja, siku moja, wiki moja, kisha kutolewa. Mama, dini, kabila na mwili huruka ngazi mbili za mwanzo. Kutishia mtu, au kumsumbua kwa jumbe mfululizo, ni suala la Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Hapo admini anahifadhi ushahidi na kumsaidia aliyetishiwa kufika polisi, hafuti jumbe kwa haraka.

Kundi zima likipamba moto kwenye WhatsApp, lifunge dakika 10 na uache kitendawili kimoja kigumu pale juu. Likifunguliwa, jumbe za kwanza huwa ni majibu. Usifunge usiku kucha. Watu hufungua kundi jingine, na hilo huwa halina admini.

Ratiba ndiyo inayoua ligi nyingi zaidi, kimya kimya. Hesabu kabla ya kutangaza. Watu 8 wakikutana wote mara moja ni mechi 28. Watu 20 ni mechi 190, na nyumbani na ugenini ni 380. Ligi ya namna hiyo haimaliziki, watu wanachoka katikati. Wachezaji 16 wagawe makundi manne ya wanne: mechi 24 za makundi, halafu robo fainali nne, nusu mbili, fainali, jumla 31. Ukiweka dakika 20 kwa mechi pamoja na kuunganishwa, na mechi nne sambamba, makundi yanaisha kwa saa mbili za usiku mmoja. Anayejitoa kabla ya kucheza nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa. Akishavuka nusu, zilizobaki ni 3–0 kwa wapinzani. Kanuni hiyo isipoandikwa mwanzo, kila atakayeathirika ataona umemwonea.

Andika saa kwa namna mbili, saa 3 usiku na 21:00, kwa sababu simu inasema moja na mdomo unasema nyingine, na "saa 3" peke yake imepoteza watu mechi za asubuhi. Wenzetu walio Muscat na Dubai wako saa moja mbele, kwao ni saa 4 usiku. Aliye London, kwake ni saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto. Discord ina alama ya muda inayomgeuzia kila mtu saa ya mahali alipo, jifunze kuitumia.

Mwezi wa Ramadhani hakuna mechi kabla ya tarawehe. Tunaanza saa 4 usiku na kufunga saa 6, ili watu wapate usingizi kabla ya daku. Mfungo Sita, siku za Maulidi, ligi inasimama. Mji umejaa wageni na wachezaji wenyewe wako katika kuhudumu. Wavuvi nao hawafuati Jumamosi, wanafuata maji, na maji husogea kama dakika 50 kila siku. Ukimpangia mvuvi saa 3 usiku wiki nzima, siku nyingine atakuwepo, siku nyingine atakuwa baharini. Mpe dirisha la saa 72 akubaliane na mpinzani wake, na mwenye kushindwa kupatikana ndani ya dirisha ndiye mwenye kosa.

Kukatika kwa mtandao kuandikiwe kanuni kabla ya kutokea. Yetu kwa mpira: mechi ikikatika kabla ya dakika ya 30 ya mchezo inarudiwa upya, baada ya hapo inachezwa mechi ya pili na magoli ya kwanza yanahesabiwa. Ikikatika mara mbili kwa mtu yule yule, anapoteza. Stima ikipotea mtaani, anayetaarifu kabla ya dakika 10 kupita hana hatia. Kila mchezaji aingie mechi na chaji isiyopungua nusu, na sasisho la mchezo lishushwe usiku uliotangulia, maana linaweza kufika gigabaiti nzima na bando la jioni halilihimili.

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene za matumbawe na chokaa, nazo humeza mawimbi. Anayelalamika kwamba pingi, yaani muda wa ujumbe wa simu kufika kwenye mchezo na kurudi, inaruka akiwa ndani, mwambie apande darini kabla hajalaumu kampuni ya simu. Anayetumia waifai achague masafa ya 2.4 badala ya 5 akiwa chumba cha mbali na kirusha mawimbi, kwa sababu ya 5 ni ya kasi lakini haipenyi ukuta vizuri. Wala usimwambie mtu "mtandao wako mbovu" mbele ya wote. Mwombe pingi yake ya mechi tatu, ukaione imetulia juu au inapanda na kushuka. Iliyotulia juu inachezeka. Inayorukaruka haichezeki hata wastani wake ukiwa mzuri.

Kuna siku tatizo si la mtu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Kwa siku za namna hiyo tuna kanuni ya kebo: robo ya wachezaji wakiripoti pingi nyekundu ndani ya saa moja, mechi zote zinasimama kwa saa 24, hakuna wa kupoteza. Kundi halilali. Tunatuma picha ya bao, mashimo 32 na kete zilivyokaa, tunauliza: zamu ni ya kusini, mtaji, yaani pa kula kete, uko wapi? Picha moja hupita hata kwenye mtandao wa kusuasua, na wazee ambao hawajui PUBG hujibu kupitia simu za wajukuu.

Fedha tumezifungia mlango. Kiingilio kinachokusanywa na kupewa mshindi ni kamari machoni mwa wazazi na masheikh wa mji huu, na kundi likishaitwa la kamari halina mtetezi. Zawadi itoke kwa mtu asiyecheza, na iwe ndogo: bando la wiki, mahamri na mbaazi kwa kikosi. Kuuza akaunti hakuruhusiwi, kwa sababu aliyeuza bado ana barua pepe ya mwanzo na anaweza kuirudisha kesho. Anayeomba tarakimu sita zilizokuja kwenye simu yako anaiba WhatsApp yako, hata akiwa na picha ya admini. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo. Na admini wasipungue watatu, wenye simu mbalimbali, ili mmoja akiibiwa wawili wamtoe mwizi.

Watoto: umri wa chini ni miaka 13, kama zinavyotaka WhatsApp na Discord zenyewe. Mtu mzima hamwandikii mtoto faraghani, admini akiwemo. Likihitajika jambo, anaongezwa mzazi. Usiku wa shule msana unafungwa kwa watoto saa 4. Laha ya ligi iwe na lakabu tu, bila namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutunza habari za mtoto, na njia nyepesi ni kutotunza usichokihitaji.

Msimu ukiisha, admini anafungua ile laha na kuisoma miji yote kwa sauti kundini, moja baada ya nyingine, nani alimpa nani. Bingwa anapata zawadi yake. Yule aliyetoa miji mingi kuliko wote, maana yake amefungwa kuliko wote na hakukosa hata siku moja kuandika, ndiye anayechagua wa kwanza kundi atakaloanzia msimu ujao.